Hedhi Inapokomeshwa kwa Kisu

Tuwachukue wanawake wawili wa mfano, mmoja wa Kibosho na mwingine wa Marangu. Wote wana miaka 38. Wote walisumbuliwa na uvimbe wa kizazi, wakatokwa damu mpaka wakaongezewa damu, na mwishowe wakafanyiwa operesheni mjini Moshi, mkoani Kilimanjaro. Makovu yao yamefanana, na wote hawazioni tena siku zao. Nyumbani watapokewa vilevile: mtori wa moto, pole za majirani, na agizo la kutobeba kitu kizito kwa wiki sita. Ila wa kwanza alitolewa kizazi peke yake, ovari zikaachwa. Wa pili alitolewa kizazi pamoja na ovari zote mbili.

Tofauti hiyo haionekani kwa macho, lakini ndiyo itakayoamua sehemu kubwa ya afya yao kwa miaka iliyobaki. Wa kwanza hapati hedhi kwa sababu hakuna tena mahali pa damu kutokea. Homoni zake zinaendelea kama kawaida, na ovari zake, ingawa huweza kuchoka mapema kidogo kuliko za mwenzake asiyepasuliwa, bado zina miaka ya kazi. Wa pili ameingia ukomo wa hedhi kabla hata nyuzi za kidonda hazijatolewa.

Makala hii inamhusu huyo wa pili. Kutoa ovari zote mbili za mwanamke ambaye hajafikia umri wa kukoma hedhi kunaweza kuwa jambo la lazima, hata la kuokoa maisha. Lakini hakumalizi matibabu. Kunaanzisha hali ya kudumu inayodai kliniki, dawa na tarehe ya kurudi, kama tulivyozoea kwa presha, kisukari na virusi vya UKIMWI. Madhara yake yanajulikana na mengi yanazuilika. Kinachokosekana ni ufuatiliaji.

Kinachoondoka na ovari

Wengi wanazijua ovari kama mifuko ya mayai, na kwa hesabu hiyo mama aliyekwisha kupata watoto wake wanne hana tena haja nazo. Hesabu hiyo ina kasoro. Ovari hutengeneza estrojeni, projesteroni na sehemu kubwa ya testosteroni ya mwanamke, na homoni hizo hazifanyi kazi kwenye uzazi tu. Estrojeni huzuia mifupa isiliwe haraka kuliko inavyojengwa. Huisaidia mishipa ya damu kutanuka. Huifanya ngozi ya uke na njia ya mkojo iwe nene na yenye unyevu. Kwenye ubongo inashiriki kupanga usingizi na joto la mwili.

Anayekoma hedhi kwa umri hupewa muda. Mwezi mmoja hedhi inakuja, mwingine inaruka, na kuyumba huko huchukua miaka kadhaa. Mapitio ya tafiti za nchi mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2014 yalikuta wastani wa umri wa kukoma hedhi duniani kuwa takribani miaka 49, na Afrika chini ya hapo kidogo. Hata baada ya hedhi kukoma, ovari huendelea kutoa testosteroni. Kwa upasuaji hakuna muda wa kuzoea: estrojeni huporomoka ndani ya siku chache, na testosteroni hupungua kwa karibu nusu kwa mara moja.

Ndiyo maana umri una uzito kuliko jambo lingine lolote katika mjadala huu. Mwanamke wa miaka 58 aliyetolewa ovari hupoteza kidogo, kwa kuwa estrojeni yake ilikwisha siku nyingi. Wa miaka 38 amepoteza zaidi ya miaka kumi ya homoni ambayo mwili wake uliitegemea. Madaktari huuita ukomo wa kabla ya miaka 45 kuwa wa mapema, na ule wa kabla ya miaka 40 kuwa wa mapema mno. Na ikumbukwe kwamba tunazungumzia kutolewa ovari zote mbili. Ikibaki moja yenye afya, kwa kawaida hutosha kuendesha shughuli.

Kwa nini zinatolewa

Historia ya operesheni hii haina sifa nzuri tangu mwanzo. Mwaka 1872 daktari Mmarekani, Robert Battey, alianza kuwatoa wanawake ovari zisizo na ugonjwa wowote ili kutibu maumivu ya hedhi, kifafa na yaliyoitwa mambo ya kichaa. Desturi hiyo ilienea Marekani na Ulaya kwa miongo kadhaa kabla ya kupingwa na madaktari wenyewe. Mwaka 1896 daktari wa Glasgow, George Beatson, alionyesha sababu yenye mashiko zaidi: baadhi ya saratani za matiti zilizokwisha kusambaa zilinywea ovari zilipotolewa. Hapo ndipo tiba ya homoni dhidi ya saratani ilipozaliwa.

Karne ya 20 ikaleta desturi nyingine, ya kutoa ovari zisizo na ugonjwa katika operesheni ya kizazi kwa hoja kwamba maadamu tumbo limeshafunguliwa, bora kuondoa hatari ya saratani ya ovari kabla haijaja. Saratani hiyo ni mbaya na hugunduliwa ikiwa imechelewa. Lakini hata Marekani, inakotokea zaidi kuliko nchi nyingi za Afrika, huwapata zaidi kidogo ya mwanamke mmoja kati ya 100 katika maisha yao yote. Hao wengine zaidi ya 98 wakitolewa ovari, hutolewa kwa ajili ya ugonjwa ambao usingewapata kamwe.

Katika hospitali za Afrika Mashariki sababu huwa za moto zaidi. Fibroidi, yaani uvimbe wa kizazi, ndiyo huongoza kati ya sababu za kutoa kizazi, na mara nyingi mgonjwa hufika tumbo likiwa limeshakuwa kama la mimba ya miezi mingi na viungo vya ndani vimeshikamana. Wapo wenye ovari iliyojisokota ikakosa damu, wenye usaha uliokula mirija na ovari baada ya maambukizi yasiyotibiwa, na wenye saratani ya ovari au ya kizazi. Katika hali hizo daktari hana anasa ya kuchagua. Kizazi kinapotolewa usiku wa manane kwa sababu kimepasuka wakati wa kujifungua, au kwa sababu damu imegoma kukata, kwa kawaida ovari huachwa, na hivyo ndivyo inavyopaswa.

Saratani ya shingo ya kizazi inastahili kutajwa peke yake. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 yaliipa Tanzania wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,500 kwa mwaka. Ikikamatwa mapema hutibiwa kwa upasuaji, na kwa aina iliyo ya kawaida zaidi, ovari za mwanamke kijana mara nyingi zinaweza kuachwa. Ikichelewa hutibiwa kwa mionzi ya nyonga, na mionzi huzima ovari kwa uhakika uleule wa kisu. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Kilimanjaro aliyehitaji mionzi alipanda basi kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akarudi amepona saratani na amekoma hedhi. Mkoa huu huu ndio uliotangulia katika kinga: chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, ilianza kwa majaribio Kilimanjaro mwaka 2014 kabla ya kusambazwa nchi nzima mwaka 2018. Wasichana waliochanjwa wakati ule sasa ni wanawake vijana, na kila saratani waliyoepushwa ni jozi ya ovari iliyosalimika.

Saratani ya matiti nayo ina hesabu yake. Pale dawa za kuzima homoni zinapogharimu kuliko mfuko wa mgonjwa, kutoa ovari ni njia ya bei nafuu ya kufikia lengo lilelile. Jaribio lililofanyika Vietnam na China kwa wanawake 709, matokeo yake yakatolewa mwaka 2002, lilionyesha kuwa kutoa ovari na kutumia tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni, kunawapunguzia wagonjwa waliokuwa bado wanapata hedhi hatari ya saratani kurudi na ya kufa. Mwisho kuna wale waliorithi hitilafu za jeni za BRCA, zinazopandisha sana hatari ya saratani ya matiti na ya ovari, kama mwigizaji Angelina Jolie aliyeeleza mwaka 2015 kwamba ametolewa ovari kwa sababu hiyo. Kwao kinga hiyo huzidi gharama yake. Lakini kipimo cha jeni hizo bado ni adimu kwetu, na hakuna sababu ya kumkata mwanamke asiyepimwa kana kwamba amepimwa akakutwa nazo.

Joto, usingizi na ndoa

Dalili za kwanza hazisubiri. Joto linapanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni, jasho linatiririka, kisha baridi. Usiku shuka linalowa. Kwa waliopasuliwa, vipindi hivyo huwa vikali na vya mara kwa mara kuliko kwa waliokoma kwa umri, na vinaweza kudumu miaka. Moshi mjini, kati ya Januari na Machi, mwanamke atalilaumu jua. Huko juu Machame, kwenye ukungu wa Julai, atajiuliza amepatwa na nini.

Kwetu jasho la usiku lina majibu yaliyokwisha kuandaliwa: malaria, taifodi, au presha. Mgonjwa atapimwa, atapewa dawa, na joto litarudi. Ugumu si kwamba wahudumu wa zahanati hawajui kazi. Hakuna aliyewaambia kwamba mtu huyu hana ovari. Yeye mwenyewe huenda hajui, na akiulizwa kama ameacha kupata hedhi atajibu kwamba alitolewa kizazi, na mazungumzo yataishia hapo.

Hadithi ya UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, ni hiyohiyo, ila ina uchungu zaidi. Estrojeni ikiondoka, ngozi ya uke na ya njia ya mkojo hunywea, bakteria walinzi hupungua, na maambukizi ya mkojo huongezeka kweli. Juu ya hayo, ukavu wenyewe huwasha na kuchoma hata pasipokuwa na maambukizi. Mwanamke hununua antibiotiki duka la dawa muhimu, anapata nafuu siku mbili, anarudi. Mradi wa utafiti wa HATUA, uliozichunguza Kenya, Tanzania na Uganda na kuihusisha taasisi ya utafiti ya hospitali ya KCMC ya Moshi, uliichagua UTI kuwa dirisha la kuutazama usugu wa dawa katika ukanda wetu. Kwa mwanamke huyu tiba inayogusa chanzo ni estrojeni ya kupaka ukeni kwa kiwango kidogo, ambayo tafiti zimeonyesha kuwa hupunguza maambukizi yanayojirudia. Antibiotiki ya tano haiwezi kurudisha ngozi iliyonywea.

Kisha ndoa. Tendo linauma, hamu imepungua, na mume asiyeelezwa chochote anahesabu kuwa amekataliwa. Mitaani kuna maneno makali kwamba aliyetolewa kizazi hana tena ladha, au kwamba mwanamume atahisi utupu. Mwanamume hahisi utupu wowote. Anachoweza kukihisi ni ukavu, na ukavu una dawa: vilainishi, estrojeni ya ukeni, subira, na mara nyingine testosteroni kwa kiwango cha kike chini ya uangalizi wa daktari. Kwa mwanamke ambaye hakuwa amemaliza kuzaa, huzuni ya kuikosa mimba huja juu ya mabadiliko ya homoni ambayo yenyewe hushusha moyo. Wasiwasi na sonona huongezeka baada ya operesheni hii, hasa kwa wenye umri mdogo. Kumwambia mtu wa namna hiyo ashukuru kuwa hai ni kweli isiyotibu.

Miaka kumi baadaye: mifupa, moyo, ubongo

Dalili za mwanzo zinapiga kelele. Madhara makubwa hukaa kimya.

Mifupa ndiyo ya kwanza. Upungufu wake huenda kasi zaidi katika miaka ya mwanzo baada ya estrojeni kuondoka, halafu huendelea taratibu. Aliyeanza safari hiyo akiwa na miaka 38 atafika 60 akiwa na mifupa ya mtu aliyemzidi umri kwa miaka mingi. Mashine ya kupima ujazo wa mifupa ni adimu nchini, hivyo kipimo cha kwanza kwa wengi huwa ni kuvunjika kwenyewe: kifundo cha mkono baada ya kuteleza kwenye njia ya tope, pingili ya mgongo iliyobonyea, nyonga. Nyonga iliyovunjika kwenye mteremko wa mlima, mbali na barabara ya lami, huweza kumlaza mama kitandani kwa maisha yake yote.

Kuna kundi la kutazamwa kwa jicho la pekee. Wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI wana hatari ya saratani ya shingo ya kizazi mara sita hivi ya wenzao, kwa hiyo wao ndio hukutana zaidi na kisu na mionzi. Virusi vyenyewe hupunguza ujazo wa mifupa, na tenofoviri, iliyo ndani ya kidonge cha kila siku kinachotumiwa na wengi, huongeza kidogo juu yake. Hiyo si sababu ya kuacha dawa hata siku moja. Ni sababu ya kliniki yao kujua kama ovari zipo.

Kwa upande wa moyo na uhai kwa jumla, ushahidi mkubwa unatoka Marekani. Utafiti wa Kliniki ya Mayo uliofuatilia wanawake wa kaunti ya Olmsted, Minnesota, waliofanyiwa upasuaji kati ya mwaka 1950 na 1987, ulitoa matokeo mwaka 2006: waliotolewa ovari zote mbili kabla ya miaka 45 walikufa kwa kiwango cha mara 1.67 cha wenzao, na ongezeko hilo lilikuwa hasa kwa wale ambao hawakupewa estrojeni. Mwaka 2009 uchambuzi wa wauguzi 29,380 wa Marekani waliotolewa kizazi na kufuatiliwa kwa miaka 24 uliwalinganisha walioachiwa ovari na waliotolewa. Waliotolewa walipata saratani ya matiti na ya ovari kwa uchache zaidi. Lakini ugonjwa wa moyo uliwapata zaidi, vifo vyao kwa jumla vilikuwa juu kwa asilimia 12, na hakukuwa na kundi lolote la umri ambalo kutolewa ovari kuliongeza maisha. Hoja ya kutoa ovari kwa kuwa tumbo limeshafunguliwa ilipoteza nguvu hapo.

Tafiti za aina hii zina mipaka. Hazikuwapangia wanawake kwa bahati nasibu nani atolewe na nani aachwe, na waliotolewa huenda walikuwa na magonjwa mengine tangu awali. Tena mwanamke wa Minnesota wa mwaka 1970 si mwanamke wa Uru wa leo. Lakini usalama wa kudhani kuwa hayatuhusu haupo tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta presha kwa takribani watu wazima 28 kati ya 100 katika eneo la Moshi. Ovari zikitolewa mapema kwa mtu anayeelekea presha, hatari mbili zinakutana kwenye moyo mmoja.

Ubongo ndio eneo la utata zaidi. Watafiti walewale wa Mayo waliripoti mwaka 2007 kuwa waliotolewa ovari kabla ya kukoma hedhi walipata zaidi matatizo ya kumbukumbu au shida ya akili ya uzeeni, na kadiri walivyopasuliwa wakiwa wadogo ndivyo hatari ilivyopanda. Wilaya ya Hai, jirani tu ya Moshi, ni miongoni mwa sehemu chache za vijijini Afrika ambako shida hiyo imepimwa nyumba kwa nyumba: matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha kuwa iliwapata takribani watu 6 kati ya 100 wenye miaka 70 na zaidi. Kwa hiyo uzee wenye kusahau si ugonjwa wa Ulaya peke yake, na chochote kinachouharakisha kinatuhusu.

Hofu ya mwaka 2002 na mahali pake

Kama tatizo ni homoni iliyoondoka, jibu la kwanza ni kuirudisha. Hapa ndipo wagonjwa wengi, na baadhi ya wahudumu, husita: si ndizo zinazoleta saratani?

Hofu hiyo ina tarehe. Julai 2002 jaribio kubwa la Marekani lililoitwa Women's Health Initiative lilisimamisha sehemu ya wanawake 16,608 waliokuwa wakipewa ama estrojeni na projestini pamoja au kidonge kisicho na dawa, baada ya waliopewa homoni kuonekana kupata zaidi saratani ya matiti, kiharusi na shambulio la moyo. Habari ikazunguka dunia, na wanawake wengi wakatupa dawa zao. Kilichopotea katika kelele ni kwamba wastani wa umri wa wanawake hao ulikuwa miaka 63. Walikuwa wameshakoma hedhi kwa umri, na dawa iliongeza homoni ambayo mwili wao haukuitarajia tena. Sehemu nyingine ya jaribio hilo, ya wanawake 10,739 waliokwisha kutolewa kizazi na kupewa ama estrojeni peke yake au kidonge kisicho na dawa, ilisimamishwa mwaka 2004 kwa sababu ya kiharusi, lakini saratani ya matiti haikuongezeka.

Mwanamke wa miaka 38 aliyetolewa ovari ni mtu tofauti kabisa. Yeye haongezewi kitu, anarudishiwa kile ambacho mwili wake ungekuwa nacho. Ndiyo maana miongozo mikubwa ya kitaalamu inakubaliana kwamba, pasipo kizuizi, apewe homoni na aendelee nazo angalau hadi umri wa kawaida wa kukoma hedhi, kisha uamuzi uangaliwe upya. Asiye na kizazi hutumia estrojeni peke yake. Aliyebakiwa na kizazi lazima apewe na homoni ya kukilinda, kwa sababu estrojeni peke yake huweza kuzaa saratani ndani yake.

Tatizo la Moshi ni upatikanaji. Vibandiko na jeli za estrojeni, zinazopendwa kwa kuwa hatari yake ya kugandisha damu ni ndogo, hazipatikani kwa urahisi na zikipatikana ni ghali. Kuna njia iliyo karibu ambayo husahauliwa: vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, vinavyotolewa bure katika vituo vya umma, vinakubalika kitaalamu kuwa mbadala kwa mwanamke kijana asiye na presha, asiyevuta sigara, asiye na historia ya damu kuganda wala kipandauso cha aina inayoanza na kuona mimuliko. Si dawa ya kujinunulia. Lakini ni swali halali la kumpelekea daktari, na presha ipimwe kwanza.

Wapo wasioruhusiwa. Mwenye saratani ya matiti iliyolishwa na homoni hapewi estrojeni, kwa kuwa ovari zake zilitolewa ili kuikosesha chakula hicho. Kwa joto la ghafla yeye ana dawa zisizo na homoni kama venlafaksini na gabapentini. Na akiwa kwenye tamoksifeni aepuke paroksetini, inayodhoofisha kazi yake. Saratani ya kawaida ya shingo ya kizazi, kinyume na wengi wanavyodhani, haizuii homoni. Wanawake waliorudi kutoka kwenye mionzi wakiwa na miaka 35 wanastahili kuambiwa hivyo.

Mlima unasaidia wapi

Si kila kinga hutoka duka la dawa. Mwanamke wa kihambani, yaani shamba la nyumbani, hubeba majani ya ng'ombe kichwani akipanda mlima, na mifupa hupenda mzigo na mwinuko. Kazi ileile anayokatazwa kwa wiki sita za mwanzo, ili kidonda na misuli ya tumbo vishike, ndiyo inayomlinda baadaye, na anapaswa kuambiwa yote mawili. Wengi huambiwa la kwanza tu, wakaishi miaka wakiogopa kunyanyua ndoo.

Chakula kipo, ila si kile kinachosifiwa. Mtori unarudisha nguvu, lakini ndizi na nyama hazina kalsiamu ya kutosha. Ipo kwenye maziwa, mgando, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Kikombe cha maziwa kina takribani miligramu 300 za kalsiamu, na mahitaji ya siku ni kama 1,000 hadi 1,200. Ng'ombe yupo bandani nyuma ya nyumba, lakini maziwa yake huenda kuuzwa na mama hubaki na ya kuungia chai. Familia inayomuuguza ingempa nusu lita ya maziwa yake kila siku. Mbege kwa kiasi hauna ugomvi, ila pombe nyingi humomonyoa mifupa na kuchochea joto la usiku.

Kadi inayokosekana

Kwenye karatasi ya kuruhusiwa, mstari wa operesheni mara nyingi husomeka TAH + BSO. Herufi tatu za kwanza zina maana kwamba kizazi kilitolewa kwa kufungua tumbo. Tatu za mwisho zina maana kwamba mirija na ovari za pande zote mbili zilitolewa. Maisha ya mwanamke yamegawanyika kwenye alama ya kujumlisha iliyo katikati, na karatasi yenyewe itakaa chini ya godoro mpaka ipotee. Ukurasa huo ungeweza kubeba mistari mingine mitatu kwa Kiswahili: ovari zimetolewa au zimeachwa, homoni zimeanzishwa au kuna sababu ya kutozianzisha, na tarehe ya kurudi kupimwa presha na kuulizwa juu ya usingizi, mkojo na ndoa.

Nchi hii inajua kazi hiyo. Tangu dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, kliniki za CTC zimeonyesha kwamba mkulima wa Rombo anaweza kufuatiliwa kwa miaka 20 kwa kadi, faili na tarehe, na asipofika akatafutwa. Kadi ya namna hiyo kwa mwanamke aliyetolewa ovari kabla ya wakati haimo katika utaratibu wa kawaida. Haihitaji jengo jipya: kliniki za presha na kisukari zipo hadi vituo vya afya, na huyu anaweza kuingizwa humo.

Kabla ya hapo kuna mazungumzo ya ridhaa. Mgonjwa anayepangiwa operesheni isiyo ya dharura, na mumewe akiwepo ikiwa mwenyewe anapenda, ana haki ya kumuuliza daktari maswali mawili: ovari zangu zina ugonjwa? Na kama hazina, kwa nini zitoke? Jibu zuri lipo mara nyingi. Leo wapasuaji wa sehemu nyingi duniani hutoa mirija peke yake, ambako saratani nyingi za ovari huanzia, na kuziacha ovari zikiendelea na kazi.

Lakini zikibidi kutoka, gharama ihesabiwe yote. Hospitali inayomtoa ovari mwanamke wa miaka 36 imepata mgonjwa wa kumhudumia kwa takribani miaka 13 ijayo, hadi umri ambao mwili wake ungekoma wenyewe. Bima ya afya kwa wote, iliyotungiwa sheria mwaka 2023, itapimwa kwa mambo kama haya: kama italipia kisu siku moja kisha ikaacha kulipia kidonge cha kila mwezi, italipia nyonga baadaye.